Mazungumzo ya Jioni: Msimulizi Akiwadanganya Wasikilizaji

Juma lililopita tulizungumza juu ya kuhifadhi kuni na makaa wakati wa mvua, na nawashukuru akina mama walioniandikia kuniongezea maarifa. Leo naomba tuliache jiko kwa muda, tuingie sebuleni ilipo televisheni, maana huko nako kuna jambo linalohusu heshima ya nyumba na malezi ya watoto.

Kwa miaka mingi familia kadhaa za mtaa wetu, ulio ng'ambo ya barabara kutoka kambini, zilifuata mchezo mmoja wa Kimarekani uitwao The Walking Dead, yaani Wafu Watembeao. Mchezo huo ulianza kuonyeshwa Marekani usiku wa tarehe 31 Oktoba 2010, ukamalizika tarehe 20 Novemba 2022, baada ya misimu 11 na sehemu 177. Mimi nilianza kuutazama nikiwa mwanafunzi wa chuo cha ualimu. Nikapata cheti, nikaajiriwa serikalini, nikaoa, nikazaa, na mchezo ungali unaendelea. Kijana mmoja mwenye duka la filamu alitujazia sehemu mpya katika flashi kila juma, siku chache baada ya Wamarekani wenyewe kuiona, nasi tulikusanyika Ijumaa jioni katika nyumba yenye televisheni kubwa kuliko zote. Mwanzoni tulikuwa watu kumi na wanne, wengine wakikaa mkekani, wengine wakisimama mlangoni. Mwishoni tulibaki wawili, mimi na sajini mmoja mstaafu, na hata sisi tulitazama kama mtu amaliziaye deni.

Ni nini kilichowaondoa wale kumi na wawili? Wapo wasemao kwamba walichoshwa na damu. Sikubali, maana damu ilikuwapo tangu siku ya kwanza, nao walikaa. Wapo wasemao kwamba kila kizuri huchosha kikirefuka. Hilo lina ukweli wake, lakini si ukweli wote. Mimi nasema kwamba watu wale waliondoka kwa sababu moja iliyo kubwa kuliko nyingine zote: walikoma kumwamini msimulizi. Naomba mnipe nafasi nieleze.

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa Kiswahili alitufundisha kwamba hadithi ina mlango wake. Msimulizi husema, "Hadithi, hadithi!" Wasikilizaji hujibu, "Hadithi njoo, uwongo njoo, utamu kolea." Yaangalieni vizuri maneno hayo. Wasikilizaji wenyewe ndio wanaoukaribisha uwongo. Wameufungulia mlango, wameupa kigoda, wameuambia ukae. Kwa hiyo msimulizi akisema kwamba sungura alizungumza na fisi, au kwamba maiti waliinuka wakatembea barabarani, hakuna atakayemwita mwongo. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka. Msikilizaji ameruhusu uwongo wa hadithi, hakuruhusu uwongo wa msimulizi. Akiambiwa kwamba sungura amekufa, naye akamlilia, machozi yale ni yake mwenyewe, hayakuwa uwongo hata kidogo. Anayeyachezea amevunja mapatano yaliyofungwa pale mlangoni.

Mchezo huu ulianza kwa kuyaheshimu mapatano hayo. Mtu wake mkuu ni askari polisi, Rick Grimes, wa wilaya moja katika jimbo la Georgia, aliyeigizwa na Mwingereza Andrew Lincoln. Rick anapigwa risasi akiwa kazini na kupoteza fahamu. Anapozinduka hospitalini anakuta dunia imeharibika: kila anayekufa huinuka tena na kuwala walio hai. Anavaa sare yake na kofia yake, anatoka kwenda kuwatafuta mkewe na mwanawe. Mtaani kwetu, ambako sare hupigwa pasi kila jioni, mtu kama huyo hakuhitaji kuelezwa.

Katika sehemu ile ya kwanza yumo pia mtu aitwaye Morgan. Mkewe amekufa, na sasa kila usiku maiti yake hurudi na kukishika kitasa cha mlango wa nyumba aliyojihifadhi mumewe na mtoto. Morgan anapanda ghorofani na bunduki, anamlenga mkewe kule barabarani, na kidole chake kinakataa kufyatua. Jioni ile hakuna aliyekohoa sebuleni. Uwongo ulikuwa mkubwa kupita kiasi, maiti mwenye kushika kitasa, lakini uchungu wa yule mume ulikuwa kweli tupu. Sajini wetu naye alifurahi kuona risasi zinahesabiwa. Mlio wa bunduki uliwaita wafu kutoka kila upande, kwa hiyo mtu alifikiri kabla ya kufyatua. "Hawa wamefundishwa, Mwalimu," aliniambia. Majirani wangali wananiita Mwalimu ingawa siku hizi kazi yangu ni mafaili.

Nitoe mfano mmoja wa haki na mmoja wa dhuluma, ili mpime wenyewe.

Mfano wa haki ni huu. Mwanzoni mwa msimu wa pili, tarehe 16 Oktoba 2011, binti mdogo aitwaye Sophia alipotea msituni. Wenzake walimtafuta kwa majuma sita ya mchezo. Walikuta dalili, wakatumaini; wakakosa, wakagombana. Tarehe 27 Novemba lilifunguliwa banda la shamba walilokaribishwa kukaa, ambamo mwenye shamba aliwafungia wafu akiwadhani ni wagonjwa. Wakatoka mmoja mmoja, wakapigwa risasi mmoja mmoja, na wa mwisho kutoka alikuwa Sophia. Rick, aliyekuwa ameahidi kumrudisha, ndiye aliyeinua bastola. Wapo waliolalamika kwamba msako ule ulikuwa mrefu, nami siwalaumu. Lakini hakuna aliyesema kwamba amedanganywa. Tulijua kile walichojua watafutaji, na tusichokijua, wao pia hawakukijua. Tulitembea nao msituni kwa haki, na lilipofunguliwa banda tulishtuka pamoja nao.

Mfano wa dhuluma ni wa msimu wa sita. Glenn, kijana aliyekuwa mpeleka vyakula kabla ya maafa, alikuwapo tangu mwanzo, na watu walimpenda kwa sababu alikuwa mwema bila kujigamba. Tarehe 25 Oktoba 2015 yeye na mwenzake Nicholas walizingirwa na wafu wakiwa juu ya pipa kubwa la chuma la takataka. Nicholas alikata tamaa, akajipiga risasi, akaanguka na kumvuta Glenn katikati ya wafu. Tukamwona Glenn chini, akipiga kelele, na utumbo ukichopolewa mbele ya macho yetu. Sehemu hiyo ikaisha. Juma lililofuata hatukuambiwa kitu, wala lililofuata hilo. Watengenezaji waliondoa hata jina la mwigizaji, Steven Yeun, katika orodha ya majina inayoonyeshwa mwanzoni, ili atakayelitafuta asilione. Ndipo tarehe 22 Novemba, majuma manne baadaye, tukaonyeshwa kwamba utumbo ule ulikuwa wa Nicholas aliyemwangukia juu, na kwamba Glenn alijisukuma chini ya pipa, akangoja wafu waondoke, akatoka mzima.

Katikati ya majuma hayo tulimwona mkewe, Maggie, mwenye mimba. Alitaka kutoka nje ya boma kwenda kumtafuta mumewe, akashindwa, akarudi. Ukutani palikuwa na majina ya waliopotea na waliokufa, na jina la Glenn lilikuwa limekwisha kuandikwa. Maggie alilifuta kwa mkono wake.

Wasomaji wapenzi, sasa niwaeleze juu ya jirani yetu wa mlango wa tatu. Mwaka ule mume wake alikuwa Somalia katika jeshi la Umoja wa Afrika. Tarehe 1 Septemba 2015 kambi ya wanajeshi wetu huko Janaale ilishambuliwa. Kwa siku sita simu ya mumewe haikupatikana. Siku hizo mama yule hakupika. Majirani tulipeleka chakula, na watoto wake walilala kwetu. Siku ya saba simu ililia. Mume alikuwa hai, amepelekwa kituo kingine. Wapo wengine ambao simu yao ililia kwa habari nyingine, nao wamo miongoni mwa wasomaji wa ukurasa huu, na leo nawainamia kichwa.

Maggie alipolifuta jina la mumewe, mama yule alilia mbele yetu sote wala hakujificha. Na juma lile Glenn alipotoka chini ya pipa, wengine tulipiga makofi. Yeye aliinuka, akajifunga leso yake, akafika mlangoni akageuka. Alisema, "Mwalimu, huyu aliyeandika haya hajawahi kungojea simu."

Nikamjibu, "Mama, si mtu amepona? Si ndiyo furaha yenyewe?"

Akasema, "Mume wangu alipopona, hakuna aliyekuwa amenificha. Hata wenzake kule walikuwa hawajui. Lakini huyu alijua, akaniangalia nikilia."

Hakurudi tena Ijumaa zetu. Nimeyafikiri maneno yake miaka hii yote, na sijapata jibu la kumshinda. Katika kisa cha Sophia msimulizi alikaa upande wetu, gizani pamoja nasi. Katika kisa cha Glenn alikaa mahali penye mwanga, akatuzimia taa, akatutazama tukipapasa.

Ubaya wa hila kama hii ni kwamba aliyefanikiwa nayo mara moja hutaka kuirudia. Tarehe 3 Aprili 2016 msimu wa sita ulimalizika kwa Negan, kiongozi wa kundi la wanyang'anyi, kuwapigisha magoti Rick na wenzake msituni. Alihesabu watu, akainua rungu lake lililozungushiwa seng'enge, akampiga mmoja wao hata kumuua, na kamera ikatuficha ni nani. Tukaambiwa tungoje msimu ujao. Tulingoja zaidi ya miezi sita, mpaka tarehe 23 Oktoba 2016. Ndipo tukajua kwamba waliouawa ni wawili: Abraham, sajini wa jeshi, na Glenn yuleyule aliyefufuliwa chini ya pipa.

Ni haki kukumbusha kwamba kifo cha Glenn mikononi mwa Negan hakikubuniwa na watu wa televisheni. Mchezo huu umetoka katika kitabu cha picha cha Robert Kirkman, kilichoanza kutolewa mwaka 2003. Katika toleo la 100, lililotoka mwaka 2012, Glenn aliuawa namna ileile. Lakini msomaji wa kitabu aliona rungu na aliyepigwa katika toleo lilelile moja. Alishtuka, akahuzunika, akafunga kitabu akijua ni nani wa kumlilia. Mtazamaji wa televisheni aliachwa miezi sita akibahatisha majina, kama watu wanaocheza bahati nasibu. Na mtu akikaa miezi sita akikisia nani amekufa, siku ya kuambiwa hasikii msiba; anaangalia tu kama amepatia.

Hesabu zilisema waziwazi. Msimu wa tano ulipoanza mwezi Oktoba 2014, Wamarekani waliotazama walikuwa milioni 17 na zaidi, nao ndio wingi mkubwa kuliko wote mchezo huu uliopata. Usiku wa kufichuliwa waliouawa na Negan, mwaka 2016, walikuwa milioni 17. Juma moja tu baadaye wakabaki kama milioni 12 na nusu. Walirudi kupata jibu walilodaiwa, wakalipata, wakaenda zao. Mwisho wa msimu wa nane, mwezi Aprili 2018, walikuwa chini ya milioni 8. Na usiku wa mwisho kabisa, mwaka 2022, walikuwa takribani milioni 2 na robo. Ni kweli kwamba katika miaka hiyo watu wengi waliacha televisheni ya kawaida wakahamia intaneti, na michezo mingi ilipungukiwa. Lakini hiyo haielezi kwa nini milioni nne na zaidi waondoke katika juma moja.

Tukaendelea kutazama, sisi tuliosalia. Msimu wa nane ulianza kwa Rick na majeshi yake kuizingira ngome ya Negan. Walikuja na magari yaliyofunikwa mabati, wakajipanga, wakafyatua risasi nyingi mno, na zilichovunja ni madirisha. Sajini wetu alicheka kwanza, kisha akakasirika. "Mwalimu," alisema, "hawa ni wale wale waliokuwa wakihesabu risasi. Nani amewapa hizi? Na kwa nini wanapiga vioo?" Mtu asiyejua bunduki aweza kudhani hilo ni jambo dogo. Lakini mzee yule aliona kwamba sheria za mwanzo zimefutwa. Ikiwa mlio wa bunduki hauwaiti tena wafu, na risasi haziishi, hofu itoke wapi?

Kisha wakamuua Carl, mtoto wa Rick, katika sehemu iliyoonyeshwa tarehe 25 Februari 2018. Tulikuwa tumemwona akikua tangu alipokuwa mtoto mdogo, na katika kitabu cha Kirkman yeye huishi mpaka ukurasa wa mwisho. Mchezo wote ulikuwa juu ya baba anayemtafutia mwanawe dunia ya kukaa. Kumwondoa mwana kulikuwa kama kung'oa nguzo ya katikati na kuacha paa. Mwaka huohuo, mwezi Novemba, Rick mwenyewe akaondoka, lakini hakufa wala hakubaki: alichukuliwa na helikopta akiwa mahututi, tukaambiwa habari zake zitafuata. Zilifuata kweli, mwaka 2024, katika mchezo mwingine.

Sasa tuulize chanzo, maana kulaumu bila kutafuta chanzo ni kazi nyepesi. Mimi naona vyanzo viwili.

Cha kwanza ni kubadilishwa kwa wasimamizi. Mchezo ulianzishwa na Frank Darabont, mtengenezaji wa filamu ya The Shawshank Redemption ya mwaka 1994. Aliondolewa mwezi Julai 2011, msimu wa pili ungali unatengenezwa, na ugomvi wake na kampuni ya AMC juu ya mgawo wa faida ulimalizwa mwaka 2021 kwa malipo ya dola milioni 200. Baada yake aliwekwa Glen Mazzara, kisha Scott Gimple, kisha Angela Kang. Wasimamizi wanne katika hadithi moja ni kama shamba lenye wapandaji wanne: huyu alipanda mahindi, huyu ameyapalilia, wa tatu amekuja na mbegu zake. Msimulizi akiachia katikati, anayepokea hajui ahadi zote zilizotolewa mlangoni.

Cha pili ni tamaa ya urefu. Msimu wa kwanza ulikuwa na sehemu 6 tu. Wa pili ukawa na 13, kuanzia wa tatu zikawa 16 kila msimu, na miwili ya mwisho ikawa na 22 na 24. Hadithi haikuongezeka kwa kiasi hicho, ilinyooshwa. Vita na Negan peke yake vilichukua misimu miwili. Jambo zito liliwekwa mwanzoni na mwishoni, na katikati watu walitembea msituni wakihutubiana. Anayeongeza maji katika mchuzi ili utoshe wageni wengi hana budi kuongeza pilipili ili wasitambue, na pilipili ya mchezo huu ilikuwa ni mauti. Kwa vile hadithi haikuwa tena na mahali pa kwenda, kila palipopoa walitafuta mtu wa kumuua, au wa kutudhanisha kwamba ameuawa.

Nisimnyime mtu haki yake. Angela Kang aliposhika usimamizi katika msimu wa tisa, uandishi ulipata nafuu. Alileta adui mpya, kundi la watu waliojivika ngozi za maiti na kunong'ona kati ya wafu, na tarehe 24 Machi 2019 tukaona vichwa vya watu kumi vimesimikwa juu ya miti mpakani. Hatukufichwa ni akina nani. Tulionyeshwa mmoja baada ya mwingine katika sehemu ileile, wenzao wakiwatambua. Danai Gurira, binti aliyelelewa Zimbabwe, naye aliigiza Michonne kwa ustadi mpaka alipoondoka mwaka 2020. Sajini aliniambia, "Sasa wamerudi kazini." Nilikwenda kumwambia jirani wa mlango wa tatu kwamba mchezo umetengemaa. Alinisikiliza kwa adabu, akanikaribisha chai, akazungumza mambo mengine. Huko Marekani nako walioondoka hawakurudi. Kuandika vizuri ni kazi ya msimu mmoja, lakini kuaminiwa tena ni kazi ya miaka, na mchezo huu ulikuwa umekwisha kupoteza miaka yake.

Hata mwisho wenyewe haukuwa mwisho. Kabla ya sehemu ya mwisho kuonyeshwa, ilikuwa imekwisha kutangazwa kwamba Daryl atakuwa na mchezo wake, na Maggie na Negan watakuwa na wao, na yote miwili ikatoka mwaka 2023. Basi usiku wa mwisho, wafu walipowazingira Daryl na Maggie, tungewahofia vipi? Tangazo lilikuwa limetuambia kwamba hawatakufa. Robert Kirkman alifanya kinyume. Mwezi Julai 2019 alitoa toleo la 193 la kitabu chake, na wasomaji walipofika ukurasa wa mwisho walikuta hadithi imemalizika, bila tangazo lililotangulia. Kitabu kilikuwa kikiuzwa vizuri, angeweza kuendelea. Alikifunga kwa sababu alikuwa amefika alikokuwa akienda.

Mtaniuliza, haya yote yanaihusu nini nyumba yenye watoto na mshahara mdogo? Nitajibu kwa kosa langu mwenyewe.

Mwanangu wa kiume ana miaka sita, na jioni humsimulia hadithi kabla ya kulala. Siku moja nilitaka kujaribu hila ya televisheni. Nikafika mahali Simba anapomrukia Sungura, nikasema, "Akamrarua, damu ikatapakaa. Kesho nitaendelea." Nilidhani atalala na hamu. Hakulala. Mama yake aliamka mara mbili kumnyamazisha. Jioni ya pili nikamwambia kwa furaha, "Kumbe ile haikuwa damu, ni matunda mekundu aliyokuwa ameyabeba Sungura!" Mtoto alinitazama kwa muda mrefu bila kucheka. Jioni ya tatu nilianza hadithi nyingine, na Fisi alipomkamata Sungura, mwanangu aligeukia ukuta akasema, "Hafi huyo, Baba. Ni matunda tu." Ilinichukua majuma kadhaa ya hadithi za haki kumfanya ageuke tena kunitazama.

Kwa hiyo ushauri wangu wa juma hili ni mfupi. Ninyi mnaosimulia watoto hadithi, watieni hofu, wafurahisheni, waleteeni majitu na mazimwi wapendavyo, lakini mkisema mtu amekufa, awe amekufa. Ninyi ambao wenzi wenu wako mbali kazini, mtoto akiuliza, "Baba atarudi lini?" msimwambie "kesho" ili mpate usingizi wa usiku mmoja. Katika zile siku sita, jirani yetu wa mlango wa tatu aliwaambia wanawe kila asubuhi, "Sijui alipo. Nikijua, nitawaambia siku hiyohiyo." Siku ya saba alipotoka nje mbio akiwaita, walimwamini kabla hajafungua kinywa.

Na ninyi mpendao michezo ya televisheni, mkiona msimulizi anawachezea, inukeni mwende mkalale. Flashi si amri ya jeshi.

Kwa leo tukomee hapa. Wenye maoni, hasa wale walioutazama mchezo huu mpaka mwisho na kuona tofauti na nilivyoona mimi, watuandikie kwa anwani ya gazeti, nami nitazijibu barua zenu hapa hapa. Juma lijalo, Mungu akitujalia, tutazungumza juu ya sare za shule na namna ya kuzishona upya ziwafae wadogo. Hadi hapo, kwaherini.